Habari za Johannes Kepler, Aliyepima Njia za Sayari

Watu wa Chuno, na wa pwani yote tangu Mikindani hata mdomo wa mto Ruvuma, hawahitaji kufundishwa ya kuwa bahari na mwezi huenda pamoja. Mwezi uandamapo, na tena ufikapo kuwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana, ndiyo bamvua. Akina mama hushuka mwambani na vijiti vyao kutafuta pweza, na mitumbwi hubaki imelala juu ya mchanga mkavu. Mwezi uwapo nusu, maji huwa mafu, hayapandi sana wala hayashuki sana. Mambo hayo wazee wetu waliyajua bila kitabu. Lakini ni nguvu gani iliyo katika mwezi, hata ukaweza kuyainua maji ya huku kwetu, nao uko mbali namna ile?

Mwaka 1609 kilichapwa kitabu huko Ujerumani kilicholijibu swali hilo kwa njia iliyo karibu na kweli. Mwandishi wake aliishi mbali na bahari. Macho yake yalikuwa mabovu. Alikuwa Mlutheri, naye alisomea uchungaji asiupate. Jina lake ni Johannes Kepler. Habari zake zatufaa, kwa sababu kazi yake juu ya nyota na taabu zake duniani vilikuwa na shina moja: hakukubali kusema ya kuwa neno limelingana na ushuhuda, hali halijalingana.

Utoto wake na shule

Kepler alizaliwa tarehe 27 Desemba 1571 katika Weil der Stadt, mji mdogo wa Württemberg, kusini ya Ujerumani. Tangu kufa kwake Martin Luther ilikuwa imepita miaka 25. Mtoto huyu alizaliwa kabla miezi haijatimia, akawa dhaifu. Angali mdogo alishikwa na ndui. Akapona, lakini macho yake na mikono yake haikuwa mizima tena. Baba yake, Heinrich, alikuwa askari wa kukodiwa. Alikwenda vitani, akarudi, akaenda tena, na mwisho asirudi kabisa. Mama yake, Katharina, binti wa mwenye nyumba ya wageni, akabaki na watoto. Alikuwa mwanamke mwenye ulimi mkali, tena mjuzi wa dawa za majani; na mambo hayo mawili yalikuja kumletea hatari kubwa katika uzee wake, kama tutakavyosoma.

Mwaka 1577 ilionekana mbinguni nyota kubwa yenye mkia. Katharina akamchukua mtoto wake, akampandisha mahali pa juu ili aione. Mwaka 1580 baba yake alimwita nje usiku autazame mwezi uliopatwa. Usiku hizo mbili Kepler alizikumbuka hata alipokuwa mtu mzima.

Siku zile watawala wa Württemberg walikuwa wameweka shule za kuwalea wachungaji wa Kilutheri, na mtoto wa maskini mwenye akili aliweza kusoma humo kwa gharama ya nchi. Kepler alipita katika shule za Adelberg na Maulbronn, na mwaka 1589 akaingia katika chuo kikuu cha Tübingen. Shauku yake ilikuwa moja tu, kulihubiri Neno la Mungu.

Katika Tübingen alimpata mwalimu wa hesabu na nyota, Michael Maestlin. Wakati ule karibu watu wote walifundishwa ya kuwa dunia imesimama katikati, na jua, mwezi na sayari huizunguka. Lakini mwaka 1543 Nicolaus Copernicus, mtumishi wa kanisa kuu katika nchi ya Poland, alikuwa ametoa kitabu chenye kusema ya kwamba jua ndilo lililo katikati, na dunia ni mojawapo ya sayari zilizungukazo. Maestlin aliwaeleza baadhi ya wanafunzi wake habari za kitabu hicho. Kepler akayapokea maneno hayo, asiyaache tena.

Kutumwa Graz na kufukuzwa

Mwaka 1594, kabla hajamaliza masomo ya theolojia, ilifika barua kutoka Graz katika nchi ya Austria. Mwalimu wa hesabu wa shule ya Kilutheri alikuwa amefariki, na mwingine alitakiwa. Wakubwa wa chuo wakamchagua Kepler. Alihuzunika, maana aliiona mimbari inamponyoka. Tena huko Graz wanafunzi wake walikuwa wachache, na mwaka wa pili hakupata hata mmoja. Lakini kadiri alivyozidi kuzitafakari mbingu, ndivyo moyo wake ulivyotulia, akaona kwamba kazi ya kuchunguza nyota nayo yaweza kumtukuza Muumba.

Kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1596. Ndani yake alitaka kueleza kwa nini sayari ni sita, maana ndizo zilizojulikana siku zile, na kwa nini kila moja imewekwa mbali na jua kwa kadiri yake. Jibu lake lilikuwa la kupendeza, lakini halikuwa kweli. Sisi leo twajua ya kuwa sayari za jua ni nane. Hata hivyo swali lilikuwa jema, na kitabu kile kilimjulisha kwa watu wakubwa wa elimu ya nyota.

Mwaka 1597 alimwoa mjane, jina lake Barbara. Watoto wao wawili wa kwanza walikufa wangali wachanga. Kisha, mwaka 1598, mtawala wa nchi ile, Ferdinand, aliyekuwa Mkatoliki, akaamuru wachungaji na walimu wa Kilutheri watoke. Kepler alipewa ruhusa ya kurudi kwa muda. Lakini mwaka 1600 Walutheri wote wa mji waliulizwa: ama waiache imani yao, ama waiache nchi. Kepler aliiacha nchi. Hakuwa na kazi wala hakujua atakula nini.

Vita na sayari ya Mirihi

Mungu alikuwa amemwekea mlango. Karibu na mji wa Prague alikaa Tycho Brahe, Mdenmaki mwenye cheo, naye alikuwa mtazamaji wa nyota aliyewashinda wote. Darubini ilikuwa haijatumika bado kutazamia mbingu. Lakini Tycho alikuwa na vyombo vikubwa vya kupimia, na kwa miaka zaidi ya ishirini aliandika mahali pa sayari usiku baada ya usiku. Alikuwa na hesabu nyingi, akakosa mtu wa kuzifumbua. Kepler alikuwa na akili ya kuzifumbua, akakosa hesabu. Wakakutana mwaka 1600, na Tycho akampa sayari ya Mirihi, iliyowashinda watu wote kwa mwendo wake. Tarehe 24 Oktoba 1601 Tycho akafa, na Kaisari Rudolf II akamweka Kepler mahali pake kuwa mwanahesabu wa Kaisari. Cheo kilikuwa kikubwa, ila mshahara haukulipwa wote.

Kepler alidhani ataimaliza kazi ya Mirihi kwa siku nane. Ilimchukua miaka mitano na zaidi. Tangu zamani za Wayunani watu wote, hata Copernicus, walikuwa wamekubali ya kuwa vitu vya mbinguni huenda katika duara kamili, kwa sababu duara ni umbo lisilo na dosari. Kepler naye alianza na duara. Akafanya hesabu, akazirudia mara nyingi, mpaka akapata duara iliyopatana na karibu hesabu zote za Tycho. Ilibaki tofauti ndogo, dakika 8 tu.

Dakika hizo si za saa. Wachunguzi wa nyota huigawa duara ya mbingu kuwa digrii 360, na kila digrii kuwa dakika 60. Dakika 8 ni kama robo ya upana wa mwezi mpevu. Mtu mwingine angalisema ya kuwa ni kosa dogo la mtazamaji, akakipeleka kitabu chake kwa mchapaji. Lakini Kepler alimjua Tycho kuwa mtu mwangalifu, asiyeweza kukosa kwa dakika 8. Kwa ajili ya robo hiyo ya upana wa mwezi aliitupa kazi ya miaka, akaanza tena.

Mwaka 1605 akaipata njia yenyewe. Ukitaka kuiona, chukua vijiti viwili, uvichomeke mchangani mbalimbali kidogo, ukafunge kamba iliyolegea kutoka kimoja hata cha pili. Kisha tia kijiti cha tatu katika kamba, uivute mpaka ikaze, ukizungushe huku ukichora. Utapata mviringo mrefu kidogo, ambao wanahesabu wauita duaradufu. Njia ya sayari ni hiyo. Jua liko mahali pa kijiti kimoja. Mahali pa kijiti cha pili hapana kitu.

Hiyo ndiyo kanuni yake ya kwanza. Kanuni ya pili yasema kwamba sayari ikikaribia jua huenda mbio, na ikiwa mbali hupunguza mwendo, kwa kipimo kisichobadilika: mstari utokao juani hata kwenye sayari hufagia eneo lililo sawa kwa muda ulio sawa. Dunia yetu nayo huenda hivyo. Mwanzo wa Januari huwa mbali na jua kama kilometa milioni 147, na mwanzo wa Julai kama kilometa milioni 152. Na katika Januari huenda upesi zaidi.

Mambo hayo yalitoka katika kitabu cha mwaka 1609 tuliochokitaja mwanzo. Humo Kepler aliuliza pia neno ambalo wengi hawakuliuliza: ni nini kisukumacho sayari? Alisema kwamba nguvu hiyo hutoka juani. Alisema pia ya kuwa vitu vizito huvutana, na ya kuwa mwezi huyavuta maji ya bahari, na ndiyo sababu ya maji kujaa na kupwa. Galileo, mtu mkuu wa Italia, alilikataa neno hilo katika kitabu chake cha mwaka 1632, akaona ni jambo la kitoto. Lakini katika neno hilo Kepler alikuwa karibu na kweli kuliko Galileo. Mwaka 1687 Isaac Newton wa Uingereza alionyesha kwa hesabu ya kuwa nguvu moja huangusha embe mtini, hushika mwezi katika njia yake, na huinua bahari mara mbili kwa siku. Naye alijenga juu ya kanuni za Kepler.

Nyota mpya ya mwaka 1604

Kazi ya Mirihi ilipokuwa ikiendelea, katika Oktoba 1604 ilitokea nyota mpya karibu na Mirihi, Mshtarii na Zohali, ikang'aa kuliko nyota nyingine zote zisizo sayari. Ilionekana kwa macho kwa muda wa zaidi ya mwaka, kisha ikafifia. Mahali pake mbinguni ni upande wa kusini, hata kwetu kwenye pwani ya Ruvuma hupita juu sana kuliko kule Prague.

Watu waliogopa, wakatabiri vita na kuanguka kwa wafalme. Kepler mwenyewe aliwatengenezea wakubwa ramli za nyota ili apate riziki, wala hakuiacha kabisa imani ya kuwa nyota zina nguvu juu ya watu. Katika hilo alikuwa mtu wa wakati wake. Lakini kwanza alipima. Akaona nyota ile haibadiliki mahali pake kati ya nyota nyingine. Basi, imo miongoni mwa nyota za mbali kabisa, kupita mwezi na sayari zote. Wenye hekima wa kale walifundisha ya kuwa mbingu za juu hazibadiliki kamwe. Sasa zilikuwa zimebadilika mbele ya macho ya watu.

Leo wachunguzi wanajua ya kuwa ile haikuwa nyota iliyozaliwa, bali nyota kuukuu iliyolipuka ikaharibika. Husema pia kwamba sehemu kubwa ya chuma kilichomo ulimwenguni kilifanyika katika milipuko ya namna hiyo, hata chuma cha jembe tulimalo. Tangu mwaka ule haijaonekana kwa macho matupu nyota nyingine iliyolipuka hivyo ndani ya kundi letu la nyota, ambalo ule mkanda mweupe wa usiku ni sehemu yake. Ile ya mwaka 1987, iliyoonekana katika mbingu za kusini, ilikuwa nje ya kundi hilo.

Kuzuiwa Meza ya Bwana

Mwaka 1611 ulikuwa mwaka wa msiba. Mwanawe Friedrich, mwenye umri wa miaka sita, alikufa kwa ndui. Mkewe Barbara naye akafariki. Na Kaisari Rudolf akapoteza enzi yake. Mwaka 1612 Kepler akahamia Linz kufundisha.

Huko Linz palikuwa na kanisa la Kilutheri, naye alifika kwa furaha. Lakini mchungaji wa mahali pale alimtaka akubali maungamo yote ya mwaka 1577, yaitwayo kwa Kilatini Formula Concordiae, bila kubakiza neno. Kepler aliyakubali mengi. Neno lililomzuia lilikuwa fundisho la mwili wa Kristo kuwapo mahali pote. Alisema hawezi kutia jina lake chini ya jambo ambalo dhamiri yake haijalishika. Tena hakutaka kuwalaani wafuasi wa Calvin kama wageni wa imani. Basi akazuiwa Chakula cha Bwana. Akawaandikia wakubwa wa kanisa katika Württemberg, nao wakamwunga mkono mchungaji. Mwaka 1619 walimu wa Tübingen, chuo kilichomlea, wakalithibitisha neno hilo.

Tulitafakari jambo hilo, sisi tulio Walutheri. Wakatoliki walimfukuza Graz kwa sababu ni Mlutheri, na Walutheri walimfungia Meza kwa sababu hakuwa Mlutheri wa kutosha. Angaliweza kuandika jina lake, akanyamaza, akapata amani. Au angaliweza kugeuka Mkatoliki, akapata mali. Maana baadaye wakubwa wa Kaisari walimshawishi hivyo. Hakufanya la kwanza wala la pili. Alikaa katika kanisa lililomsukuma mlangoni, akawafundisha watoto wake mwenyewe habari za Chakula cha Bwana, akafa Mlutheri.

Mwaka 1613 alioa mke wa pili, Susanna, mwanamke mpole aliyeitunza nyumba vema. Katika Februari 1618 walimzika binti yao mdogo, Katharina. Katika huzuni hiyo Kepler alirudia maswali ya ujana wake, na tarehe 15 Mei 1618 akaipata kanuni yake ya tatu. Siku chache baadaye vikaanza vile vita vya miaka thelathini vilivyoiharibu Ujerumani.

Kanuni hiyo yapatanisha umbali wa sayari na muda wa mzunguko wake. Chukua umbali wa dunia na jua kuwa kipimo kimoja. Kama sayari ikiwa mbali mara 4, zidisha 4 kwa 4, tena kwa 4, utapata 64. Sasa tafuta hesabu ambayo ikizidishwa kwa nafsi yake hutoa 64, ni 8. Basi, sayari hiyo itazunguka kwa miaka 8. Mshtarii uko mbali mara 5.2, na mzunguko wake ni karibu miaka 12. Nawe ukipiga hesabu utaona yalingana. Sayari zote hutii kanuni hiyo moja.

Mama yake kushitakiwa uchawi

Huku nyuma, tangu mwaka 1615, jambo baya lilikuwa likikua nyumbani. Mama yake, sasa mjane mzee katika mji wa Leonberg, aligombana na mwanamke aliyekuwa rafiki yake. Mwanamke huyo akasema ya kuwa Katharina alimpa kinywaji, na tangu hapo ameugua. Neno likaenea. Mwalimu wa shule aliyekuwa kiwete akakumbuka ya kuwa alikunywa naye. Msichana aliyeumwa mkono akasema ya kuwa mama yule alimgusa njiani. Wenye mifugo iliyokufa nao wakaleta maneno yao. Kila mtu aliyekuwa na msiba usio na jibu akalipata jibu, nalo likawa mama mmoja mzee.

Katika Agosti 1620 Katharina, aliyepita umri wa miaka sabini, alikamatwa usiku katika nyumba ya binti yake, mke wa mchungaji, akatiwa minyororo. Hayo yalifanyika katika nchi ya Kilutheri, chini ya mahakimu Walutheri. Baadhi ya ndugu waliogopa aibu. Kepler aliiacha kazi yake Linz, akasafiri mpaka Württemberg, akataka mashitaka yote yaandikwe, ili ayajibu kwa maandishi moja moja.

Hakuandika ya kuwa uchawi haupo. Kama watu wengi wa wakati wake hakulikana jambo hilo. Aliuliza maswali mengine. Je, yule mwanamke aliugua baada ya kinywaji, au alikuwa mgonjwa tangu mbele, naye alitumia dawa kali za kumdhuru? Mwalimu alipata ukiwete wake siku gani? Ikaonekana ya kuwa aliumia kwa kuruka shimo. Na msichana, je, hakuwa akibeba matofali mazito kupita nguvu zake? Nani aliona kwa macho, na nani alisikia kwa jirani? Kama alivyofanya kwa Mirihi, ndivyo alivyofanya kwa mama yake: aliweka neno la watu upande mmoja na ushuhuda upande mwingine, akatazama kama vyalingana.

Shauri likapelekwa kwa wanasheria wa Tübingen. Wakaamua mama yule aonyeshwe vyombo vya mateso, ili hofu imfanye aungame. Tarehe 28 Septemba 1621 akaingizwa, mtesaji akamwonyesha chuma kimoja kimoja na kazi yake. Mama mzee akapiga magoti, akasali Sala ya Bwana, akasema hana la kuungama hata wakimtoa mshipa baada ya mshipa. Akafunguliwa, baada ya miezi kumi na minne kifungoni. Katika Aprili 1622 akafa. Miezi michache tu alikuwa huru.

Mwisho wa safari yake

Kepler alikuwa bado na deni kwa Tycho: kuzitengeneza hesabu zake zote ziwe kitabu cha kutabiria mahali pa sayari. Vita vilimfuata. Mwaka 1626 Linz ikazingirwa, na mashine ya kuchapia ikaungua. Akauhama mji, na mwaka 1627 kitabu kikachapwa huko Ulm.

Katika vuli ya mwaka 1630 alipanda farasi, akaenda Regensburg, mahali pa mkutano wa wakubwa wa dola, ili adai mshahara wa miaka mingi. Alifika na homa. Tarehe 15 Novemba 1630 akafa, mwenye umri wa miaka 58. Alizikwa nje ya mji katika makaburi ya Waprotestanti. Vita vikayaharibu makaburi, na leo hakuna ajuaye kaburi lake lilipo.

Alikuwa ametabiri ya kuwa tarehe 7 Novemba 1631 sayari ya Utaridi itapita mbele ya uso wa jua. Siku hiyo, karibu mwaka mzima baada ya kufa kwake, padre mmoja wa Ufaransa, Pierre Gassendi, alitazama huko Paris, akaiona nukta nyeusi ikipita juani.

Kanuni ya Kepler katika pwani yetu

Kanuni ya tatu ina faida ambayo Kepler hakuijua. Newton alionyesha kwamba, kitu cha katikati kikiwa kizito zaidi, kile kinachokizunguka lazima kiende mbio zaidi. Basi mtu akijua umbali na muda wa mzunguko, aweza kukadiria uzito wa kile kilicho katikati, hata kama hakionekani. Kwa njia hiyo jua limepimwa uzito, na nyota pia.

Jambo hilo limefika hata pwani hii. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya ukumbusho wa uhuru wa Kenya, Waitalia walirusha setilaiti ya Kimarekani kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama baharini karibu na Malindi. Ikaitwa Uhuru. Kazi yake ilikuwa kuzitazama nyota zitoazo eksirei, miale ile ile itumikayo hospitali kuonyesha mifupa. Nayo ilikuwa setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa kwa kazi hiyo peke yake. Iligundua kitu kimoja kimemetukacho kila baada ya sekunde 4.8, nacho chazunguka nyota kubwa kwa siku mbili na kidogo. Iliwasaidia pia wachunguzi kukifuata kitu kingine, katika kundi la nyota liitwalo Cygnus, ambacho nyota kubwa hukizunguka kwa siku 5.6, nacho chenyewe hakionekani. Walipopima kwa kanuni ya Kepler iliyotengenezwa na Newton, waliona uzito wake wapita kadiri ya kila nyota iliyokufa ijulikanayo. Vipimo vilivyotolewa mwaka 2021 vyasema ni kama majua 21. Hilo ndilo shimo jeusi, mahali ambapo uvutano ni mkubwa hata nuru haiwezi kutoka. Na katikati ya kundi letu la nyota iko nyota moja iendayo katika duaradufu kwa miaka 16, ikizunguka kitu chenye uzito wa majua milioni nne hivi.

Basi, wapenzi, hayo yote yalianza na mtu aliyekataa kuidharau robo ya upana wa mwezi. Nanyi, waalimu wa sharika, bamvua ijapo, waonyesheni watoto mwezi na bahari, mwaeleze habari hizi. Na likiletwa kwenu shauri la mama mzee ambaye majirani wamempa jina baya, msianze kwa kuuliza watu wanasema nini. Ulizeni ugonjwa ulianza siku gani, na ni nani aliyeona kwa macho yake. Kisha andikeni majibu, na kuyasoma polepole, kabla mtu hajanyoshewa mkono.